Publisher inaondoka, mafaili 900 yanabaki: duka la uchapaji linachagua programu mpya

Kila mji wenye shule, makanisa, misikiti na harusi una duka la namna hii, na Kariakoo yamepangana mlango kwa mlango: kompyuta tatu mbele, printa ya leza ya rangi, Riso ya kudurufu mitihani, gilotini ya kukatia karatasi nyuma ya pazia. Duka linatoa kadi za mialiko na za michango, vitabu vya stakabadhi, vipeperushi, kalenda ikifika Novemba, na jarida la parokia mara nne kwa mwaka. Kazi ndogo inatoka hapohapo. Ikizidi nakala elfu moja, au mteja akitaka rangi nne zilizotulia, faili linapelekwa kiwanda cha ofseti, kinachochapa kwa pleti, moja kwa kila rangi ya wino, na duka linabaki na faida ya usanifu na usimamizi.

Duka la kisa hiki ni la mfano, limeundwa kutokana na hali zinazojirudia kwenye biashara hizo. Tangu 2012 linapanga kurasa zake kwenye Microsoft Publisher, na limekusanya mafaili yapatayo 900 ya .pub. Wasanifu ni wawili. Gharama ya programu mpaka sasa ni ada ya Microsoft 365 tu, ambayo ingelipwa hata bila Publisher kwa sababu ya Word na Excel.

Publisher iliingia sokoni mwaka 1991. Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza kwamba itaiondoa Oktoba 2026. Anayelipia Microsoft 365 hataweza tena kufungua wala kuhariri .pub kwa programu hiyo. Aliyenunua Office ya kulipia mara moja, yenye Publisher ndani, ataendelea kuifungua kwenye kompyuta yake, ila bila masasisho ya usalama wala msaada. Kwa hiyo jambo la kwanza si kutafuta programu mpya. Ni kujua unayo ipi. Fungua Publisher, ingia "File", kisha "Account". Ukiona maneno "Subscription Product", uko kwenye usajili. Ukiona jina lenye mwaka, kwa mfano Office Professional 2019, uko upande wa pili. Duka letu lina kompyuta mbili za usajili na moja ya Office 2019. Hiyo moja, iliyokuwa imesukumwa pembeni kwa uzee, ndiyo itakayookoa kumbukumbu. Msaada wa Office 2019 uliisha Oktoba 2025, kwa hiyo itolewe kwenye intaneti, isipokee flashi za wateja, na ibaki kuwa mashine ya kufungulia kazi za zamani.

Kuanzia kwenye gilotini

Kosa la kawaida ni kuchagua programu kwa kutazama skrini: ipi ina violezo vizuri, ipi inafanana na tuliyoizoea. Kwa duka linalouza karatasi, maswali yanaanzia mwisho wa kazi. Kiwanda cha ofseti kinapokea faili la aina gani? Kazi ipi inaleta hela kila wiki? Mafaili ya zamani yatafunguliwaje mteja akirudi?

Swali la kwanza linajibiwa kwa simu moja kwa fundi wa pleti. Atasema anataka PDF/X-1a au PDF/X-4 (aina za PDF za uchapaji), rangi za CMYK (wino wa samawati, majenta, njano na mweusi), picha za nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa zitakaochapwa, fonti zikiwa ndani ya faili, na ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata. Kadi ya A5 yenye rangi hadi ukingoni haisanifiwi ikaishia milimita 148 kwa 210. Rangi inaenda mpaka 154 kwa 216, kisha gilotini inarudisha kipimo. Bila ziada hiyo, kisu kikihama nusu milimita unaona mstari mweupe pembeni, na mteja wa harusi huuona kabla hajaona jina lake.

Hapo ndipo Publisher ilipokuwa ikiliumiza duka kimyakimya. Inaweza kuwekwa kwenye CMYK kupitia mipangilio ya uchapaji wa kibiashara, lakini wengi hawakuwahi kufika huko, na mafaili yao yalikwenda kiwandani yakiwa RGB, yaani rangi za skrini. Tazama kinachotokea kwa maandishi meusi. Nyeusi ya RGB ikigeuzwa kuwa CMYK haiwi wino mweusi peke yake. Inakuwa mchanganyiko wa wino nne. Herufi ndogo ya pointi 8 sasa inachapwa na pleti nne, na pleti moja ikisogea kidogo tu herufi zinaota kivuli cha samawati au chekundu. Wateja huita hali hiyo "maandishi yamecheza" na humlaumu mwendesha mashine. Mwenye kosa ni faili. Maandishi ya kusoma yawe nyeusi asilimia 100, na samawati, majenta na njano ziwe sifuri. Programu yoyote isiyomwezesha msanifu kulipanga na kulikagua hilo haifai kwa kazi ya ofseti, hata iwe na violezo elfu kumi.

Wanaogombea nafasi

Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, inatoka mapema kwenye kazi ya ofseti, ingawa itabaki dukani. PDF yake ya CMYK inahitaji akaunti ya kulipia, kazi yenyewe inategemea mtandao, na jarida la kurasa 32 humchosha msanifu ndani yake. Kwa mteja anayekuja na kadi aliyoibuni kwa simu, ni sawa. Iombwe PDF ya kuchapa, siyo picha iliyopitia WhatsApp, maana WhatsApp huibana picha na logo inatoka na ukungu.

CorelDRAW inajulikana na karibu kila mtu wa grafiki mjini, na kwa mabango, stika na logo ni chombo hasa. Ila jarida lenye maandishi yanayotiririka toka ukurasa hadi ukurasa silo shamba lake. Halafu kuna jambo ambalo watu hulikwepa: nakala nyingi zinazozunguka mitaani zimevunjwa ulinzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama kazi nyingine za kibunifu, na duka linalochapa vitabu vya watu wengine halina sababu ya kujiweka kwenye hatari hiyo. Mbali na sheria, vifaa vya kuvunja ulinzi ndiyo njia ya virusi kuingia kwenye kompyuta yenye mitihani ya shule.

Adobe InDesign, iliyotoka 1999, ndiyo kipimo ambacho nyingine zote hulinganishwa nacho. Viwanda vinaifahamu, mitindo ya aya (mipangilio ya maandishi iliyohifadhiwa kwa jina) na kurasa kuu (violezo vya kurasa) zake ni imara, na kitabu cha kurasa 300 hakiitishi. Tatizo ni namna ya kulipa. Tangu 2013 Adobe imekwenda kwenye usajili. InDesign peke yake ni takriban dola 23 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka. Wasanifu wawili ni dola 552 kwa mwaka, na dola ikihesabiwa kwa shilingi 2,500 inakuja 1,380,000. Mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mwezi ukiuvunja baada ya siku 14 za mwanzo, unatozwa nusu ya kilichobaki. Kadi ya benki ikigoma katikati ya msimu wa kalenda, programu nayo inafunga. Tena, faili la toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani mpaka lihifadhiwe kama IDML (aina ya faili inayosomeka na matoleo ya zamani), jambo linalogombanisha watu kila linapopelekwa faili mbichi badala ya PDF. Kwa nyumba ya vitabu, tungesema lipeni. Kwa duka hili, jarida moja kila miezi mitatu halibebi gharama hiyo.

Scribus ni ya bure kwa leseni huria, na toleo thabiti la 1.6 lilitoka Januari 2024. PDF yake ni safi sana: CMYK, PDF/X, na ukaguzi wa makosa kabla ya kutoa faili, unaokuonyesha picha isiyofikia nukta zinazotakiwa na maandishi yaliyofurika kisanduku. Inafungua pia .pub, japo matokeo ni ya kubahatisha: visanduku vinavunjika, majedwali yanavurugika. Upungufu wake kwa duka ni kwenye kasi. Majedwali yake ni dhaifu, na kuunganisha orodha ya majina au namba na kadi hakumo ndani. Kunahitaji hati ya nyongeza, yaani programu ndogo ya kuongezea. Aliyezoea Publisher ataona kila kitu kiko mahali pasipotarajiwa.

Affinity ilibadilisha hesabu nzima. Affinity Publisher ya kampuni ya Serif ya Uingereza ilitoka 2019 ikiuzwa mara moja bila usajili. Canva ikainunua Serif mwaka 2024, na Oktoba 2025 ikatoa Affinity mpya, programu moja yenye kupanga kurasa, kuchora na kuhariri picha, bila malipo kwa mwenye akaunti ya Canva. Kinachotozwa ni vipengele vya akili mnemba. Ina CMYK, PDF/X, mitindo ya aya, na kuunganisha data kutoka Excel. Haifungui .pub wala .cdr ya CorelDRAW, lakini inafungua PDF na kuyarudisha maandishi yaweze kuhaririwa, na hiyo inatosha kuwa daraja.

Bure ya kampuni si sawa na bure ya Scribus. Leseni huria ya Scribus hainyang'anyiki. Uamuzi wa Canva unaweza kubadilika. Hoja hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni nidhamu ya kuhifadhi tutakayoitaja chini.

Jaribio: stakabadhi 600

Programu haijaribiwi kwa kipeperushi. Ijaribiwe kwa kazi inayouma, na dukani kazi inayouma ni kitabu cha stakabadhi, kwa sababu ya namba.

Agizo: vitabu 12, kila kimoja seti 50, asili na nakala. Hiyo ni namba 0001 hadi 0600. Stakabadhi tatu zinakaa kwenye A4 moja, kila moja milimita 210 kwa 99. Msanifu asiye mzoefu ataweka 1, 2, 3 kwenye karatasi ya kwanza, 4, 5, 6 kwenye ya pili. Gilotini ikikata, anabaki na marundo matatu: moja 1, 4, 7, jingine 2, 5, 8, la tatu 3, 6, 9. Kuzipanga tena kwa mkono kunakula nusu siku, na kosa moja linamfanya mhasibu wa mteja arudishe mzigo.

Njia sahihi ni kugawa namba kwa marundo. Namba 600 kwa stakabadhi tatu ni karatasi 200. Kwenye Excel tengeneza safu tatu, A, B na C. Mstari wa kwanza wa data uwe 1, 201, 401; wa pili 2, 202, 402; endelea mpaka wa 200 wenye 200, 400, 600. Kila safu inaunganishwa na stakabadhi yake: A juu, B katikati, C chini. Ukikata, rundo la juu linakwenda 1 hadi 200 mfululizo, na kila 50 ni kitabu. Marundo matatu, vitabu vinne kila moja, ndiyo 12. Faili linachapwa mara mbili, mara moja kwenye karatasi nyeupe na mara moja kwenye ya rangi, kisha yanaoanishwa. Jumla karatasi 400, ongeza 10 za kuharibika kwa kila rangi.

Kinachoharibu hapa ni sifuri za mbele. Excel ikiona 0001 inaandika 1. Tumia fomula ya TEXT yenye "0000" ili namba iwe maandishi, na ukihifadhi kama CSV (faili la maandishi lenye data iliyotenganishwa kwa mkato) usiifungue tena kwa Excel kabla ya kuiingiza, la sivyo sifuri zinapotea upya. Affinity inasoma faili la Excel moja kwa moja, hivyo unauruka mtego huo. InDesign nayo inaifanya kazi hii vizuri, kwa CSV. Kwenye Scribus ndipo msanifu anapoanza kutafuta hati ya nyongeza na kuuliza bei ya InDesign.

Jarida la parokia linafichua mambo mengine. Kurasa zinazokunjwa na kupigwa pini lazima zigawanyike kwa nne: 28 au 32, siyo 30. A5 ya kurasa 32 ni karatasi nane za A4 pande mbili, na namba za kurasa mbili zilizokaa upande mmoja wa karatasi daima zinajumlisha 33: ya nje ina 32 na 1, nyuma yake 2 na 31. Ukichapa dukani, acha programu ipange kwa chaguo la kijitabu. Ukipeleka kiwandani, peleka ukurasa mmojammoja kwa mfululizo. Wao ndio wanaopanga kwa ajili ya pleti, na faili lililopangwa mara mbili hutoa jarida lenye kurasa zilizovurugika.

Kwa maandishi ya Kiswahili, zima ukataji wa maneno mwisho wa mstari. Programu ikidhani lugha ni Kiingereza, inakata kwa kanuni za Kiingereza na kutenganisha silabi: "wananchi" linaweza kukatwa baada ya "nch", wakati silabi zake ni wa-na-n-chi. Panga kushoto tu, au ukitaka pande zote zinyooke, andaa safu pana kidogo isije ikabaki na mapengo. Safu tatu kwenye A5 ni ukatili kwa maneno marefu kama "yanayowakabili".

Mafaili 900

Kishawishi ni kuyahamisha yote. Hakuna haja. Yote yageuzwe PDF kabla ya usajili kukata, kwa sababu PDF itafunguka popote. Publisher inakubali kuendeshwa kwa makro (orodha ya amri zinazojiendesha), na amri yake ya ExportAsFixedFormat inageuza folda nzima usiku mmoja badala ya mtu kubofya mara 900. Endesha kazi hiyo kwenye kompyuta ambayo mafaili yalitengenezewa, yenye fonti zilezile. Fonti nyingi za kadi za zamani zilikuja na Office. Ukigeuzia kwenye kompyuta isiyo nazo, Publisher inaweka fonti nyingine, mistari inasogea, na hakuna atakayegundua mpaka mteja arudi baada ya mwaka. Chagua PDF ishirini ovyo ovyo uzilinganishe na kazi zilizochapwa.

Kutengeneza upya kuhusu zile tu zinazorudi: stakabadhi na ankara za wateja wa kudumu, jarida, kalenda, kadi za michango. Kwa duka la ukubwa huu ni violezo kama 15. Nyingine zisubiri, mteja akija, ndipo PDF yake inafunguliwa kwenye Affinity na kusafishwa. Usafi huo una hatua ambazo hazirukwi. Chagua CMYK wakati wa kufungua. Washa chaguo la kuunganisha mistari iwe visanduku vya maandishi, la sivyo kila mstari unakuja peke yake. Kisha badilisha maandishi yote meusi yawe wino mweusi tu, maana yaliingia na rangi zake za RGB. Logo ya zamani iliyo PDF isifunguliwe. Iwekwe kama ilivyo, kwa mpangilio wa kuipitisha bila kuigusa, ili fonti zake zisibadilike.

Uamuzi

Affinity kwa wasanifu wote wawili. Scribus iwekwe kwenye kompyuta moja, kwa ajili ya kufungua .cdr za wateja, ambazo inajitahidi kuzisoma. Kompyuta ya Office 2019 ibaki nje ya mtandao. InDesign isinunuliwe mpaka duka lipate mkataba wa kitabu unaoilipa. Ukija, mwezi mmojammoja bila mkataba wa mwaka ni ghali zaidi kwa mwezi lakini ni nafuu kwa kazi moja.

Nidhamu ya kuhifadhi ni hii: kila kazi iliyomalizika inabaki kwenye folda yenye vitu vinne, yaani faili la Affinity, PDF iliyokwenda kiwandani, picha na fonti zilizotumika, na maandishi matupu. Hilo la mwisho hudharauliwa, na ndilo linalookoa siku programu ikibadilika: kupanga upya kurasa 32 zenye maandishi tayari ni kazi ya siku mbili, kuyachapa upya kwanza ni wiki. Folda iwe kwenye diski ya nje pia, na kompyuta zote ziwe kwenye UPS, kwani umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi faili ndipo linapoharibika lisifunguke.

Wiki mbili za kwanza, kasi itashuka. Msanifu wa Publisher amezoea kuburuta kisanduku na kubadili fonti kwa mkono kila mara; kwenye Affinity atafanya vivyo hivyo na kusema programu ni nzito. Afundishwe mitindo ya aya kabla ya kitu kingine chochote. Kazi ya kwanza kuhamishwa iwe stakabadhi, kwa sababu makosa yake yanaonekana kwenye karatasi ya kwanza tu. Jarida lifuate, na prufu yake, yaani nakala ya majaribio, ichapwe kiwandani ukurasa mmoja wenye picha na mmoja wenye maandishi kabla ya pleti zote kutengenezwa. Mwezi mbaya kuliko yote wa kuhama ni Novemba. Kama ndio umefika na bado hamjaanza, kalenda za msimu huo zipangwe kwenye ile kompyuta ya pembeni, zikaguliwe rangi, na zitoke kama PDF.